Walituomba Mtoto Akiwa Maiti

Binti yetu alifia Kentucky, huko Amerika, mwezi wa tatu, akiwa amesimama mbele ya wanafunzi wake. Mshipa ulipasuka kichwani. Walimfikisha hospitali mwili ukiwa bado na joto, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Nasema moja kwa moja kwa sababu watu wanapenda kuzungukazunguka wakitaja kifo, na mimi sikulelewa hivyo.

Mke wangu aliposikia hakulia mara moja. Aliingia chumbani, akavuta godoro kutoka kitandani, akaliburuta hadi sebuleni, akalitupa sakafuni, akakaa juu yake. Kwetu mama aliyefiwa analala chini mpaka maiti izikwe. Hapiki, hasuki nywele, hainuki kumsalimia mtu hata awe askofu. Kila siku ambayo maiti inachelewa, mama naye anachelewa chini pale. Nilimwangalia, nikaangalia goti lake bovu, nikajua kazi yangu ni moja tu: kumleta mtoto Bruxelles tunakoishi, kumzika, kumwinua mke wangu.

Mimi ni mtu wa kazi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa mapadre, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi Likasi, kule Kongo. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota kambini, redioni na kwenye Biblia, na mwenye kukicheka acheke. Nilifika Ubelgiji na mikono miwili. Nikaosha sahani, nikabeba saruji, nikajifunza kazi ya vigae kwa kumtazama Mreno mmoja ambaye hakupenda nimtazame. Leo ukipita mitaa ya Auderghem, kwenye zile nyumba zinazokaribia msitu, kuna bafu nyingi ambazo nimezipiga vigae mimi, na hakuna kigae kilichobanduka. Hakuna aliyenishika mkono. Na kwa vigae hivyo binti yangu alisoma mpaka chuo kikuu. Ndiyo maana neno "wangu" lilikaa vizuri mdomoni mwangu. Mtoto wangu. Nilidhani ni neno langu.

Alikwenda Kentucky kufundisha Kifaransa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, hakurudi. Alikuwa amepata kanisa, kanisa dogo la Wamarekani weusi nje ya mji, kwenye kijiji kilichojificha nyuma ya mashamba makubwa ya farasi. Kijiji kile kilijengwa na watu waliotoka utumwani. Walipopata uhuru walipata na kipande kidogo cha ardhi kila mmoja, wakajenga kanisa, wakajenga shule, kisha wakatenga uwanja wa kuzikana. Miaka mingi baadaye vijana walihamia mijini, miiba ikaumeza uwanja. Binti yangu na wazee wa kanisa walikuwa wanaufyeka kila Jumamosi na kuyasimamisha mawe yaliyolala.

Alinisimulia habari zao mpaka masikio yakachoka. Kwamba hao ndio waliokuwa mabingwa wa farasi wa jimbo lile. Kwamba mashindano makubwa ya Kentucky yalipoanza, karibu wapandaji wote walikuwa weusi, na mshindi wa kwanza alikuwa mweusi.

"Halafu wakawatoa, papa. Walishinda mpaka wakaonewa wivu. Leo ukiangalia mashindano yale huwezi kujua kama waliwahi kuwapo."

"Na wewe unafyeka makaburi yao. Ya babu zako kule Likasi nyasi imefika kiunoni."

"Yale yana watu wanaoyajua."

"Na haya?"

"Haya yana mimi, papa."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha mama yake, kinachoanzia puani.

Sasa alikuwa amekufa, na sebule yangu ya Evere, mtaa wa Bruxelles, ilikuwa imejaa watu. Viti vya plastiki vya parokia vilipandishwa kwa lifti, vinne vinne. Picha yake iliwekwa juu ya meza na mshumaa. Kila jioni watu walitoka kazini wakaja moja kwa moja: wanaosafisha ofisi, wanaowauguza wazee wa Kibelgiji, mwalimu mmoja, dereva wa basi akiwa bado na koti la kazi. Waliimba. Jirani wa chini, mama mmoja Mbelgiji, alipanda siku ya kwanza kulalamika kuhusu kelele, akamwona mke wangu pale sakafuni, akageuka akashuka. Siku ya pili alileta supu.

Mtani wetu naye alikuja. Asiyejua mila yetu nimweleze: kila ukoo una ukoo wa watani, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kumtukana marehemu na wafiwa, na ni marufuku kukasirika. Huyu wetu ni mzee wa kule kwetu, mnene, alikuwa fundi umeme wa treni. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akaiangalia picha, akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

"Ee! Mutoto ya kiburi huyu! Batoto betu bote alibakataa. Huyu mufupi, huyu hana diplome, huyu ananuka samaki. Bon, ona sasa! Ameenda kuolewa na makaburi ya Baamerika!"

Watu wakacheka, na mke wangu, kichwa chini, akacheka pia, kupitia puani. Kisha akalia kweli kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Mimi nilikuwa jikoni na simu. Nilikuwa nimepata mtu wa Bruxelles anayesafirisha maiti, mtu wa heshima, anajua ubalozi, anajua uwanja wa ndege. Makaratasi yalikuwa yanakwenda vizuri. Tungemzika hapa hapa, kwenye makaburi makubwa ya Evere. Ni mwendo mfupi kutoka kwangu kwa miguu. Nilikuwa nimeshachagua upande wenye miti. Nilirudi sebuleni nikamwambia mke wangu, watu wote wakisikia, kwamba ndani ya wiki mtoto atakuwa amefika.

Hakuinua uso. "Usimulete," akasema.

Nilidhani ni uchungu unaosema. "Nisimlete namna gani?"

"Usimulete uku. Aliniambia anataka kulala kule, na bale ba kanisa yake. Aliniambia Noeli."

"Alikuambia wewe. Mimi je?"

"Wewe angekuambia namna gani? Ungeanza kupiga kelele ya Likasi na nyasi."

Nilisema hapana. Nilisema mtoto wangu hatalala katika udongo wa watu asiowajua, watu ambao si damu yake, mahali ambapo mimi baba yake siwezi kufika kwa miguu wala kwa ndege, maana viza ya kule huwa wanawanyima hata wenye mikono safi. Nilisema sikuosha sahani za Bruxelles ili binti yangu akalale nyuma ya mazizi ya farasi. Nilisema mengi. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ni mtu mwenye subira anapojua amekushinda.

"Muite kaka yangu," akasema.

Hapo nilijua nimeingia matatani. Kwa watu wa mke wangu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anazaa, analisha, anasomesha, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Siku ya kumwoza binti anaulizwa mjomba. Siku ya kuzika anaulizwa mjomba. Nilipomwoa nilijua, nikakubali, kwa sababu kijana anayeoa anakubali kila kitu. Miaka yote ya Ulaya desturi hiyo ilikuwa imelala kabatini kama koti la mtu mwingine. Sasa mke wangu akaitoa.

Tulimpigia Likasi. Mtandao ulikuwa unakatika, tukaweka simu mezani karibu na mshumaa, sauti juu. Shemeji yangu ni mzee kuliko mimi, mkulima, hajawahi kuvuka mto wa mpaka. Alinisikiliza mimi, akamsikiliza dada yake. Akakohoa muda mrefu.

"Bale Baamerika," akasema, "bao banasema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mutoto. Banamutaka?"

"Wanasema wana nafasi kwenye makaburi yao."

"Nafasi, hata mbwa iko na nafasi. Nauliza kama banamutaka. Mutoto haachwe mahali kama mzigo. Batu benye udongo baje baombe. Baseme bao ni nani. Basipoomba, mulete mutoto, umuzike kwako. Nimemaliza."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kutoka moyoni, kwa sababu aliniachia mlango. Kwetu kuombwa mtoto kuna mpango wake, iwe ni kwa ndoa au kwa jambo lingine. Wageni wanaketi upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Na swali la kwanza, kabla ya neno lolote tamu, ni lile lile tangu mababu: ninyi ni akina nani? Ukoo gani, kijiji gani, mto gani? Asiyeweza kujibu anapewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia. Mimi nilijua kwamba watu wale hawana jibu. Binti yangu mwenyewe alikuwa ameniambia. Niseme wazi: nililichagua swali hilo kama fundi anavyochagua patasi. Nilitaka mtoto wangu.

Jumapili baada ya misa tulikaa. Kwetu ilikuwa alasiri, kwao asubuhi kabla ya ibada. Kompyuta iliwekwa juu ya meza. Upande wetu wazee watano wa suti, mke wangu chini kwenye godoro lake, shemeji kwenye simu kutoka Likasi. Kwa tafsiri ya Kiingereza tulikuwa tumemwomba mama mmoja Mkenya wa parokia yetu, anakaa Etterbeek, Kiswahili chake ni cha kitabu mpaka kinatuchekesha. Kwenye kioo alitokea bibi mmoja mweusi, mwembamba, kofia ya kanisani kichwani, na nyuma yake watu wa kanisa wamejipanga kama kwa picha. Walikuwa wamevaa nguo za sherehe. Niliona hilo na sikulipenda. Nilitaka waje ovyo.

Bibi alisalimia. Alisema yeye ndiye mwangalizi wa makaburi yale, kama mama yake kabla yake. Alisema wameambiwa kwamba kwetu mtu haachwi tu, anaombwa, na kwamba wao hawajui namna ya kuomba, basi tuwasamehe wakikosea.

"Banaomba mutoto na mikono mitupu?" mtani akanguruma. "Hata kuku?"

Mkenya akatafsiri, sijui kwa nini. Bibi akafikiri kidogo, akajibu kwamba kuku wanao, ila ndege ya Bruxelles haiwapokei. Wazee wangu wakacheka. Nilihisi chumba kinaelekea upande wao, nikapiga meza.

"Mama, muulize," nikamwambia Mkenya. "Ninyi ni akina nani? Ukoo wenu ni upi? Kijiji cha babu wa babu zenu kiko wapi?"

Mama wa Etterbeek akanigeukia. "Mzee, samahani. Swali hilo naomba tuliache."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jibu lake unalijua."

"Mama, nimekuomba ulimi wako, sikukuomba ushauri."

Akashusha macho, akauliza. Ilichukua maneno machache tu kwa Kiingereza. Kule kwenye kioo watu waliojipanga waliacha kutabasamu, mmoja baada ya mwingine, kama taa za ofisi jioni. Mwanamume mmoja nyuma alitoka kwenye picha. Bibi hakusogea. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza kusema polepole, akimpa Mkenya nafasi.

Alisema babu wa mama yake alipanda farasi. Alianza akiwa mtoto mdogo, mali ya mtu, akampandia huyo mtu farasi wake. Akaendelea kupanda akiwa huru, akashinda jimbo zima. Farasi wake wa mwisho amechongewa sanamu mjini. Yeye ana jiwe la ukubwa wa mkate, na binti yetu ndiye aliyelikuta likiwa limelala kifudifudi. Alisema dada wa babu huyo alikuwa mkunga, aliyewazalisha weusi usiku na weupe mchana. Alisema upande wa baba yake kuna mtu aliyetoroka shambani akatembea mpaka kambi ya jeshi, kwa sababu wakati wa vita vyao mweusi aliyevaa nguo za jeshi alikuwa huru, na mke wake akamfuata, akafukuzwa getini, akarudi tena. Alisema watu hao walijenga shule kabla nyumba zao hazijapata sakafu. Alitaja mwalimu wa kwanza, ambaye alijifunza kusoma kwa siri. Wote wamelala pale, kila mmoja akamtaja kwa jina lake, bila kuangalia popote.

Nilimwacha amalize. "Na nyuma yao?"

Mkenya alitafsiri huku akiangalia meza.

"Anasema nyuma yao kuna mwanamke mmoja. Aliletwa Kentucky kutoka mnadani. Wanajua kwamba alikuwa anaimba anapofua. Hawajui aliimba kwa lugha gani. Anasema hapo njia imekatika."

"Kwa hiyo hawajui."

"Anasema hawajui. Anasema, wangejua, wasingewaomba ninyi."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Bibi akasogea karibu na kioo, uso wake ukakijaza chote, na sasa nikaona kwamba analia ila sauti yake hailii.

Alisema siku moja walikuwa wanafyeka, jua kali, wakapumzika juu ya nyasi, na binti yetu akaanza utani wake. Akawaambia: siku ya ufufuo parapanda italia hapa, hawa wote watainuka, na hawatajua waelekee upande gani. Watasimama tu wanaangaliana. Basi mimi nikifa, niwekeni hapa katikati. Mimi naijua njia. Nitawaambia, haya, nifuateni, kwa mama yangu ni huku.

Mke wangu alitoa sauti. Sauti hiyo sitaiandika.

Nilingoja mtani aseme kitu. Alikuwa amefunika uso kwa leso. Nikasubiri simu ya Likasi. Ilikuwa kimya, nikafikiri mtandao umekata, nikafurahi kidogo. Kisha shemeji akakohoa.

"Shemeji. Bamejibu."

"Hawakujibu! Nimeuliza kijiji, hakuna kijiji. Nimeuliza ukoo, hakuna ukoo!"

"Muntu anayesema 'sijui' mbele ya batu, huyo hawezi kukuiba mutoto. Mwongo angekutajia kijiji. Angekutajia hata mbili." Akavuta pumzi. "Bapewe."

"Shemeji, mimi ndiye niliyemsomesha."

"Tunajua. Aksanti."

Aksanti. Maisha yangu yote nimelipwa kwa neno hilo na watu wenye nyumba nzuri, na nililipokea, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hesabu ya kazi. Siku hiyo lilikuwa peke yake.

Ningeweza kukataa. Watu wanasahau hilo wanaponisifu. Shemeji alikuwa Likasi na simu mbovu. Makaratasi yalikuwa yamekamilika, msafirishaji alikuwa anangoja neno langu tu, na sheria ya Ubelgiji haijui mjomba. Wale wa suti wangenung'unika, halafu wangekuja mazishini. Babu yangu mzaa baba aliletwa mgodini Katanga amefungwa kamba, akitoka mbali, akachimba na kufa bila kurudi kwao. Lakini jina la kijiji chake tulipewa sote, tulikaririshwa kama sala ya Baba Yetu Uliye Mbinguni. Nililifikiria hilo pale mezani. Sikulifikiria kwa upole. Nilifikiri: babu yangu alilala kwa wageni, na binti yangu naye, halafu mimi nilivuka bahari kwa ajili gani?

Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ananiangalia kutoka chini kule, uso umevimba, mguu wa goti bovu ameunyoosha mbele kama fimbo.

"Papa ya batoto," akasema. Hivyo tu.

"Bon," nikasema. "Waambie wamepewa."

Nilikwenda jikoni nikampigia msafirishaji.

Walimzika Jumamosi iliyofuata. Tuliangalia kwenye kompyuta ile ile, sebule imejaa mpaka kwenye ngazi. Kule kulikuwa na upepo, makoti yao yalikuwa yanapepea. Niliona uwanja wenyewe kwa mara ya kwanza: mdogo, umesafishwa, ukuta wa mawe makavu upande mmoja, na ng'ambo ya ukuta farasi wawili wamesimama. Niliona shimo. Niliomba wasogeze simu karibu, wakasogeza. Chini ya udongo wa juu kulikuwa na chokaa nyeupe, mwamba mzuri, maji hayatuami pale. Nilimwambia mke wangu kwamba maji hayatuami. Ni kitu pekee nilichoweza kumpa siku ile.

Kisha bibi yule akauliza, kupitia kwa mama wa Etterbeek, kama wanaweza kuambiwa njia ya binti yetu, jina kwa jina. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze na babu wa kamba. Mtani akanishika mkono wa koti. "Hapana, rafiki," akasema pole pole, bila mzaha. "Si ya kwako hiyo." Kweli. Njia ya mtoto ni ya mama. Nikakaa.

Mke wangu akaipokea, amekaa vile vile sakafuni. Alimtaja mama yake, na mama wa mama yake, na kuendelea nyuma, akataja ukoo, akataja mto, akataja kilima ambacho ukoo ulitokea. Kila jina alilotaja, kanisa lote kule Kentucky lililirudia, kwa sauti ile ya kwao ya kuitikia, nzito, kama watu wanaobeba kitu pamoja. Wengine walikuwa wamefumba macho. Bibi wa kofia alikuwa anarudia na kuhesabu vidoleni kama mtoto anayejifunza. Walipoanza kuteremsha jeneza, picha ikaganda. Tuliona jeneza limening'inia kwenye kamba, farasi wamesimama, makoti yamepepea na kubaki hivyo. Watu walipiga kelele, mtu akagusa hiki, mwingine akagusa kile. Picha iliporudi walikuwa wanafukia. Kwa hiyo mimi sikumwona mtoto wangu akishuka. Kwangu mimi bado yuko kwenye kamba zile.

Mke wangu aliinuka siku hiyo hiyo. Wanawake wawili walimsaidia, akaoga, akala ugali kidogo. Watu walirudisha viti parokiani. Wengi waliniaga kwa kunishika bega, wakisema nimefanya jambo kubwa, nimewapa watu wale kitu walichokosa tangu zamani. Sijui. Mimi nilikuwa na binti mmoja anayecheka kupitia puani. Kama ni zawadi, mimi sikuitoa. Nilinyang'anywa kwa adabu.

Mwezi wa kumi na moja Bruxelles yote inakwenda makaburini. Siku ya kwanza ya mwezi huo maduka yanapanga vyungu vya maua ya njano na meupe mpaka barabarani, na kila mtu ana chake mkononi, hata kwenye tramu. Mke wangu alinunua kimoja. Sikumuuliza. Tulitembea mpaka makaburi ya Evere pamoja na wengine, tukapita getini, tukatembea kwenye njia za changarawe kati ya familia za watu zinazofuta mawe kwa kitambaa. Upande ule wenye miti sasa una watu wengine. Tulizunguka. Mke wangu alikuwa amebeba chungu kifuani, na kila tulipokutana na Mkongo tunayemjua alisimama kutusalimia, akiangalia maua, akitaka kutusindikiza tulikokuwa tunakwenda.

"Twende nyumbani," nikasema.

Jioni nilimwambia mama wa Etterbeek ampigie bibi yule, amweleze kwamba sisi tuna siku ya kufagia makaburi na kuweka maua, na kwamba ilikuwa leo. Bibi alisema hakujua, kwao siku hiyo haipo. Alisema watafanya.

Jumamosi alituma picha. Walikuwa wamekwenda kanisa zima, na mafagio, na ndoo. Kaburi la mtoto lilikuwa na maua mengi. Na kwa kuwa walikuwa wameshafika, walifagia yote: la mpanda farasi, la mkunga, la askari na mke wake, na yale mengine ambayo mawe yake hayana jina. Wamesimama katikati yao, wamechoka, wananitabasamia mimi.

Niliangalia picha ile muda mrefu. Makaburi yote yalifagiwa. Mimi sikufagia hata moja.